Nafuu Nisiyoiamini

Kisukari kilinijia na zawadi mbili mkononi.

Ya kwanza ilikuwa kuondokewa na kitambi. Nilihangaika nacho miaka kumi, na sasa kikawa kinayeyuka chenyewe, sikimbii wala sijinyimi, mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Nilipasha msumari moto nikalitoboa mwenyewe, huku napiga mluzi. Watu wakanisifia: umependeza, umerudi ujanani, tupe siri. Zawadi ya pili ilikuwa macho. Nilishafika ule umri wa kuisogeza karatasi mbali ndipo herufi zisomeke, nina miwani ya kusomea. Ghafla nikajikuta nasoma maandishi madogo ya ubavuni mwa boksi la betri bila miwani. Miwani nikaitupia kwenye droo.

Kwamba naamka mara nne usiku kwenda kukojoa, na kwamba jagi la maji kando ya kitanda huwa tupu kabla hakujapambazuka, hayo sikuyahusisha na lolote. Aliyeyahusisha ni mke wangu. "Aliyepungua kwa afya hanywi maji hivi, mume wangu," alisema, na asubuhi yake tukaenda kupima. Mtu akiamka hajala kitu na sukari ya damu yake ikawa 7 au zaidi (kwa kipimo cha mmol/L), kisukari huanza kutajwa. Yangu ilikuwa 19.

Daktari alizichambua zawadi zangu moja moja. Sukari ikizidi kama 10 hivi katika damu, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nyingine ikatoka na mkojo ikiburuta maji. Ndiyo kiu, ndizo safari za chooni, na ndiko kitambi kilikokwenda: nilikuwa nakojoa chakula changu. Upande wa macho, lenzi ya jicho huingiwa na sukari, ikavuta maji, ikavimba, na kwa wengi uvimbe huo hufanya vitu vya karibu vionekane vizuri zaidi. Kwa mtu wa umri wangu hilo linafanana kabisa na kupona. Wiki tatu baada ya kuanza dawa, sukari ikiwa inashuka, lenzi ikarudi ilivyokuwa na ukungu ukarudi nao, tena mzito kuliko wa mwanzo. Nikaamini dawa zinaniharibu macho. Nilibakiza kidogo kuziacha. (Usikimbilie kupimwa miwani wiki za mwanzo za matibabu. Subiri sukari itulie, la sivyo utanunua miwani ya jicho ambalo mwezi ujao hutakuwa nalo.)

Basi ndivyo tulivyoanza, mimi na ugonjwa huu: ulipokuwa unaniumiza nilijiona nimepona, na nilipoanza kutibiwa nilijiona naumizwa. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo hapo. Ilinichukua miaka sita zaidi.

Mengi yanayoandikwa kuhusu madhara ya kisukari ni orodha: macho, figo, mishipa ya fahamu, moyo, miguu. Orodha yenyewe ni ya kweli, nami niliisoma mapema. Haikunisaidia kwa sababu nilidhani kila kilichomo kitakuja kikipiga hodi, kwa maumivu, nami nitakisikia. Nilijua kujisikia vibaya ni dalili. Hakuna aliyenionya kuhusu kujisikia vizuri.

Mwaka wa nne hivi nyayo zikaanza kuwaka moto. Mchana kazi zilinisahaulisha, lakini nikijilaza tu zinaanza, kama mtu aliyekanyaga bati lililoanikwa juani. Shuka likigusa vidole naona kama msasa. Nililala miguu ikiwa nje ya shuka, na saa nane za usiku nilikuwa nasimama jikoni peku, sakafu baridi ikinipoza. Kliniki nilikwenda nikapewa vidonge vya usiku, na nikakemewa kwa namba zangu mbele ya foleni nzima. Mkemeaji simtaji, wala sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila matokeo ya kemeo lile yalikuwa kwamba sikurudi mwaka mzima. Dawa nilikuwa nachukua kwa njia nyingine, vipimo hakuna.

Katika mwaka huo moto ukapungua. Mwezi hadi mwezi, taratibu, mpaka usiku mmoja nikagundua nimelala nimejifunika gubigubi. Nikawaambia wote nyumbani kuwa miguu imepona. Nilifurahi hasa.

Niliporudi kliniki nilimkuta muuguzi mpya, binti mpole, anakagua miguu ya kila mtu. Ana kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni nchani, urefu wake kama wa sindano ya kushonea. Uzi ule umetengenezwa upinde ukishabeba mgandamizo wa gramu 10, si zaidi. Kwanza alinigusa mkononi ili nijue unavyohisi. Kisha akasema, "Fumba macho, baba. Kila nikigusa sema ndiyo."

Nikafumba. Nikasubiri. Nje kulikuwa na mtoto analia, nikamsikiliza. Nikasikia kiti cha muuguzi kikisogea kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, nikadhani anajiweka sawa. Nikasubiri tena. Mwishowe nikamwambia, "Mwanangu, mimi niko tayari, anza tu."

"Nimeshamaliza, baba," akasema.

Nilifungua macho nikaomba arudie nikiangalia. Akauweka uzi chini ya kidole gumba, akaukandamiza mpaka ukapinda kama upinde wa mshale. Nauona unapinda. Ngozi inabonyea, nayo naiona. Lakini ni kama kuangalia mguu wa mtu mwingine.

Alinieleza bila kunikemea. Mshipa wa fahamu unaokwenda kidoleni huanzia chini ya mgongo na una urefu wa karibu mita nzima. Sukari ikikaa juu miaka mingi huuchakaza mshipa wenyewe na pia vimishipa vya damu vinavyoulisha, na ulio mrefu kuliko wote ndio hutangulia kuchoka kule nchani. Ndiyo maana uchakavu huanza vidoleni, miguu yote miwili sawia, ukapanda kama mtu anayevaa soksi. Ukifika karibu na magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Mshipa unapoumia hupiga kelele, na kelele hizo ndizo zile za moto na msasa. Zikinyamaza, ama mshipa umetulia au umekufa. Kwangu umekufa. Na wengine wana bahati mbaya kuliko mimi: inakadiriwa kuwa hadi nusu ya wenye tatizo hili hawasikii hata hizo kelele, huanzia kwenye kimya moja kwa moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo hutangulia, ukiwa na bahati, na kimya ndicho cha kutisha.

Miezi minne baadaye nilinunua viatu vipya. Nilivivaa siku mbili. Jioni ya pili, mke wangu akiokota soksi akaniuliza nimemwaga nini, maana chini ya soksi ya kushoto palikuwa na doa la kahawia lililokauka na kugandisha kitambaa. Nikageuza unyayo. Chini ya kidole kidogo palikuwa na lengelenge lililokwisha kupasuka, ngozi nyeupe iliyolowa imejikunja pembeni, katikati pekundu, pana kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimelitembelea kutwa nzima. Nilipanda ngazi nalo.

Hapo ndipo nilipoelewa kuchechemea ni nini. Mtu mwenye miguu mizima akipata lengelenge huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakoliponya, kwa kuwa mguu unakataa kukanyagwa. Mimi mguu wangu haukukataa kitu. Kidonda cha unyayo hakiponi kwa kupaka hata upake nini kama unaendelea kukikanyaga. Tiba kubwa ni kuuondolea uzito, na mimi nilikaa wiki saba na kiatu maalumu kinachofika karibu na goti, kero tupu, nikivuliwa kusafishwa kidonda na kuvalishwa tena. Waliofuatilia jambo hili wanakadiria kuwa kati ya asilimia 19 na 34 ya wenye kisukari hupata kidonda cha mguu wakati fulani maishani. Kukatwa mguu kwingi huanzia kwenye kitu cha aina hii, lengelenge, kokoto, kucha iliyokatwa vibaya, maji ya moto ya kukanda miguu ambayo mwenyewe hajui ni ya moto. Na kama mguu mmoja umevimba, una joto kuliko mwenzake, na hauumi, usiukalie nyumbani ukifurahi kwamba hauumi. Huenda mifupa ya ndani inavunjika na kupondeka kila unapotembea.

Siku hizi kabla ya kuvaa kiatu naingiza mkono ndani mpaka mwisho. Usiku naweka kioo sakafuni na kuupitisha unyayo juu yake. Nilichopoteza kwenye vidole nakitafuta kwa macho.

Ambayo nayo, kumbe, yana hadithi yake. Nyuma ya jicho kuna retina, pazia linalopokea picha, na vimishipa vyake ni vyembamba kupita kiasi. Vinavuja, vinavimba vipele vidogo, vingine vinaziba, na mwenye jicho anasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho bila kukosea. Mimi niliusoma wote. Kisha wakanitilia matone ya kupanua mboni, wakapiga picha, wakanionyesha kwenye kompyuta: duara la rangi ya machungwa, na ndani yake nukta nyekundu zilizotapakaa kama mtu amekung'uta kalamu ya wino. "Hizi ni damu," daktari akasema. Damu ndani ya jicho langu, na mimi naona vizuri! Ukingoja mpaka uone giza, umengoja mno. Zikikamatwa mapema kuna mionzi ya leza, ambayo tangu mwaka 1976 utafiti ulionyesha inapunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu, na kuna sindano za ndani ya jicho ambazo zinatisha kusikia kuliko kuchomwa. Jambo moja lisilotajwa sana: mtu ambaye sukari yake imekuwa juu kwa miaka, ikishushwa kwa haraka, retina inaweza kuchafuka zaidi kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia. Si sababu ya kuacha kushusha. Ni sababu ya kupigwa picha ya jicho kabla, na tena baadaye.

Kuhusu figo nitamsimulia mjomba wangu.

Mjomba alikuwa anachoma insulini miaka mingi kabla yangu, na alikuwa mtu wa nidhamu kwenye kila kitu isipokuwa vipimo vya maabara. Akaanza kuona sukari inashuka. Akapunguza dozi. Ikashuka tena, akapunguza tena. Ilifika siku akawa hachomi kabisa na asubuhi anapima anakuta 6, 5, namba ambazo mimi ningezifunga kwenye fremu. Kuna mtu alikuwa amemuuzia chupa ya dawa ya kunywa, basi sifa zote zikaenda kwenye ile chupa. Akawapigia ndugu simu kuwapa ushuhuda. Mimi mwenyewe niliomba namba ya muuzaji, na nasema hivi nikijua mnacheka.

Kumbe insulini ikishafanya kazi yake mwilini, sehemu kubwa ya ile ya kuchomwa huvunjwavunjwa na figo. Figo zikichoka, insulini, hata ile kidogo ya mwili wenyewe, inabaki inazunguka muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na sukari inaporomoka. Mjomba hakuwa amepona kisukari. Figo zake ndizo zilizokuwa zinafunga duka. Miguu ilipovimba na chakula kikaanza kumtia kichefuchefu, kulikuwa kumebaki kazi ndogo sana ya kuokoa. Leo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na bado ana ucheshi wake, ila habari za ile chupa hataki kuzisikia.

Figo ni hodari wa kuficha. Miaka ya mwanzo ya kisukari huweza hata kuchuja damu kwa kasi kupita kawaida, kwa hiyo majibu yanaonekana mazuri kupindukia. Kreatinini, taka inayotolewa na figo, kile kipimo cha damu ambacho wengi huambiwa "kiko sawa", kinaweza kubaki sawa mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo umekwenda. Kinachosema mapema ni mkojo: protini iitwayo albumini ikianza kupita kwenye chujio, hata kidogo sana, kuanzia miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini iliyo kwenye mkojo huo, tayari kuna tundu. Kipimo hicho hufanywa mara moja kwa mwaka na hakiumi. Likionekana tundu mapema kuna dawa za presha zinazoilinda figo hata kwa mtu asiye na presha kubwa, na kuna kundi jipya la vidonge vinavyoilazimisha figo kumwaga sukari kwenye mkojo kwa makusudi. Yaani vinafanya, kwa kipimo na kwa usimamizi, kile kile kilichokiyeyusha kitambi changu. Vilitengenezwa kushusha sukari, ikabainika vinaulinda moyo na figo pia. Nilipoandikiwa nilicheka peke yangu dirisha la dawa.

Moyo nitaupita haraka, ingawa ndio unaoua wengi wetu. Mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kupata shambulio la moyo au kiharusi, na shambulio lenyewe linaweza kuja bila yale maumivu ya kifua, likaja kama uchovu wa ajabu, jasho, pumzi kukata, au kichefuchefu. Mishipa ya fahamu ya kule nayo huchakaa. Linalonikera ni kwamba tukikutana tunaulizana sukari, sukari, na presha hakuna anayeiuliza. Ule utafiti wa Uingereza niliousoma baadaye, UKPDS, ulitoa majibu yake mwaka 1998: kundi lililobanwa presha zaidi lilipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Kwa mashine ya kuvaa mkononi na vidonge vya kawaida! Utafiti huo huo uliandikisha watu 5,102 waliogunduliwa karibuni, na karibu nusu yao walikuwa tayari na dalili za madhara siku ya kwanza. Naifikiria ile miezi ya kupiga mluzi.

Hata kushuka kwa sukari kuna nafuu yake ya uongo. Mwanzoni nikishuka chini ya 3.9 natetemeka, moyo unadunda, jasho, njaa ya wazimu. Nakula kama gramu 15 za sukari, nasubiri dakika 15, napima tena. Baadaye kutetemeka kukaacha. Nikasema mwili umezoea. Usiku mmoja mke wangu aliamka akanikuta nimelowa jasho, nimekaa kitandani nikimjibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alinipima: 2.4. Ukishuka mara kwa mara mwili huacha kupiga kengele. Uzuri wa hili ni kwamba hurudi: kwa wengi, wiki kadhaa za kujizuia kushuka kabisa huirudisha kengele. Niliwahi kuwa na furaha ya kutetemeka tena, na hiyo ni furaha ngeni.

Insulini yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa nafuu ya namna hii kwa dunia nzima. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliichomwa Toronto akiwa anakufa, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla yake watoto kama yeye hawakuwa na muda wa kupata madhara. Ugonjwa uliua watoto kabla figo na macho havijafikiwa. Ni pale watu walipoanza kuishi ndipo bili ikaanza kuonekana, na mwaka 1936 madaktari Kimmelstiel na Wilson wakaeleza makovu waliyoyakuta kwenye figo za wenye kisukari. Ikabaki ubishi wa miaka mingi: je, kuibana sukari kunazuia haya, au yanakuja tu? Jibu thabiti lilifika 1993, kwa utafiti wa DCCT wa Marekani na Canada, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hushindwa kutengeneza insulini. Waliobana sukari walipunguza ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, wa mishipa ya fahamu 60, wa figo 50.

Lakini sehemu inayonikosesha usingizi ni iliyofuata. Utafiti ulipoisha makundi yote mawili yakaendelea kufuatiliwa, na baada ya miaka michache sukari zao zikalingana. Madhara hayakulingana. Waliobana mapema waliendelea kulindwa kwa miaka mingi, na wale wengine waliendelea kulipa sukari ya zamani ingawa ya sasa ilikuwa kama ya wenzao. Mwili una daftari. Mwaka wangu mmoja wa kumkwepa mkemeaji umo mle.

Nimehudhuria kliniki juzi. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kimetoka asilimia 6.9. Binti yule bado yupo, sasa ni mkuu wa chumba. Akatoa kijiti chake, nami bila kuambiwa nikafumba macho.

Safari hii nilikaza fikra. Nilizielekeza zote kwenye kidole gumba cha kulia, kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Na kweli, ikaja: mguso mwepesi, wazi kabisa, pale pale.

"Ndiyo!" nikasema.

Kimya kidogo.

"Bado sijakugusa, baba," akasema.